Aliyembeba Joash Hadi Barabarani

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza, na paa la afisi linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya kabati la faili. Mwenye jumba ananipiga kalenda, kesho na kesho kutwa, tangu Krismasi. Chepkorir, karani wangu, ambaye mdomo wake hauna breki, ameweka ndoo na kusema afadhali tuanze kufuga samaki.

Kati ya faili zilizolowa leo kuna moja mpya. Hakimu ameniteua niwe wakili wa watoto wawili ambao wazazi wao hawasikizani kuhusu chanjo. Musimbi ana miaka minane. Mdogo wake, Joash, amefikisha miezi tisa, umri wa kuchanjwa ukambi. Mama yao, Kageha, anataka achanjwe. Baba yao, Wandera, hataki hata kusikia. Mama alipompeleka Joash zahanati, Wandera alifika akaketi mlangoni asubuhi nzima, akisema atakayemdunga mwanawe atamjua. Nesi, ambaye naye ana watoto wa kulea, akamwambia Kageha arudi na amri ya korti. Kageha akafungasha vitu vyake, akachukua watoto, akahamia kwa mamake huko Shinyalu. Wandera anataka warudishwe kwake Butali. Na ukambi nao umeshaingia kambi za wakataji miwa upande huo wa Butali.

Chepkorir ameniuliza mteja wa miezi tisa atatia sahihi vipi. Nikamwambia ndiyo maana korti ikateua mtu. Mama ana mdomo, baba ana mdomo, watoto hawana. Kazi yangu ni kuwa mdomo wao. Nilijipenda sana niliposema hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Wamekuja, mmoja asubuhi, mwingine alasiri. Kuwaweka chumba kimoja ni kutafuta kelele.

Kageha ni mwembamba, anaongea haraka, macho hayatulii. Anachuma majani chai kwenye mashamba ya watu. Kila nilipomuuliza jambo la sheria alinijibu kwa jina la Joash. Joash ameota meno mawili. Joash anasimama akishika kiti. Joash akiona mvua anacheka. Nilimsikiliza huku nikiangalia saa, Mungu anisamehe, maana nilikuwa na kesi ya shamba saa tano.

Wandera anaendesha trekta ya kubeba miwa. Alivua kofia kabla ya kuingia, akapangusa matope ya viatu mlangoni mpaka Chepkorir akamwambia inatosha, baba. Ni muumini wa Kanisa la Mikono Mitupu, wale wasiotumia dawa wala sindano. Wao huombeana tu. Nilijitayarisha kwa mahubiri. Badala yake akanieleza kuhusu kifungua mimba wao, Isaiah, aliyechanjwa akiwa mzima, akapandwa na joto, na kabla ya wiki kwisha wakamzika. Daktari alisema ni malaria.

"Mimi ndiye nilimshika mguu akidungwa, madam," Wandera akasema. "Nilimshika kwa nguvu asirushe. Sishiki mwingine."

Niliandika kwenye faili: baba mkaidi, hoja ya dini. Kisha nikafunga afisi nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimejinunulia soda. Nimestahili.

Uamuzi wenyewe utangoja, kwa sababu hakimu anataka daktari atoe ushahidi na mimi nilete ripoti juu ya watoto. Swali la leo lilikuwa wakae wapi kwa sasa. Nikasema Butali hapana, kuna ukambi. Wakae kwa nyanya yao Awinja huko Shinyalu, chanjo ingoje uamuzi, na baba apewe Jumapili, siku ambayo hana kazi.

Hapo Wandera akasimama na kuuliza atawaonea wapi. Hakimu, ambaye si wa huku, akamwambia atawaonea hapo hapo kwa nyanya. Ukumbi wote ukacheka chini chini. Hata Kageha, aliyekuwa hajakubaliana na mumewe kwa lolote tangu asubuhi, akatikisa kichwa. Ikabidi nimweleze hakimu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na nyumba ya mama mkwe mtu haikanyagi. Si uadui, ni heshima. Baba yangu mzazi, kule Lugari, alizeeka bila kuona ndani ya nyumba ya mama ya mkewe. Akienda huko alitolewa kiti nje, na chakula kikaletwa na mtoto.

Mtoto! Hapo ndipo nilipopata dawa. Kanisa lao lina tawi Shinyalu, mwendo mfupi tu kutoka kwa nyanya. Basi, Jumapili baba angoje barabarani. Nyanya asitoke, baba asiingie. Musimbi ambebe Joash kutoka mlangoni hadi barabarani, baba awapeleke kanisani, na jioni Musimbi ambebe tena hadi mlangoni. Kageha aliuliza kama lazima iwe kanisani. Nikamwambia ni saa chache tu, mama, na mahali pengine hakuna. Niliandika yote kwa mkono wangu pale kwenye benchi, wakatia sahihi, hakimu akayafanya amri. Akasema laiti mawakili wote wangejua mila za watu wao namna hii.

Wandera alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kageha naye alishukuru, kwa sauti ndogo.

Jumapili, 30 Machi

Mvua kutwa. Nimelala.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeenda Shinyalu kuwaona wateja wangu. Gari limekwama mara mbili, na viatu vyangu vizuri sasa ni vya shamba.

Nyanya Awinja ni mfupi, na sauti yake inaweza kuita mtu ng'ambo ya mto. "Mulembe, wakili," akaniambia, na kabla sijaketi alikuwa ameshaniwekea obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda. Musimbi alikuwa amembeba Joash mgongoni kwa leso. Alifagia naye, akaosha vyombo naye, akainama kuchochea moto naye, na mtoto amelala fo-fo-fo.

Tuliketi nyuma ya jikoni, sisi wawili na huyo wa mgongoni. Nikamuuliza kama anajua sindano ni nini. Akasema ni uchungu kidogo halafu inaisha. Nikamuuliza angependa korti iamue nini. Alifikiria sana, akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Mimi sitaki kumpeleka Joash kanisani," akasema.

Kwa nini?

"Wale wenye wanakohoa wanawekwanga katikati. Sisi wenye tuko wazima tunaambiwa tuwashike. Mimi niliwekwa katikati nikiwa na ukambi. Kuna msichana alinishika kichwa, akaugua. Hakukuja tena."

Nikajiambia, haya, mama yake ameshamfundisha. Nimewaona wengi, watoto wanaokariri kortini walichoambiwa jikoni. Nikamrudisha kwenye sindano, nikamuuliza tena. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hajasikia salamu.

"Utaandika?"

Nikamwambia nitaandika. Nikaandika akiona.

Joash aliamka akanyakua kalamu yangu. Musimbi akaniuliza, anti, unataka kumshika? Pua ilikuwa inamtoka na nilikuwa na suti ya kijivu. Nikasema siku nyingine.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemaliza ripoti. Kurasa kumi na mbili, na nathubutu kusema ni nzuri. Nimependekeza watoto wachanjwe. Yale ya Musimbi kuhusu kanisa nimeyaacha nje, hayahusiani na swali lililoko mbele ya korti. Korti iliuliza kuhusu chanjo, haikuuliza kuhusu maombi. Na kusema kweli, ningeyaweka, ningekuwa navunja makubaliano niliyoyasuka mwenyewe na kusifiwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Ndoo mbili sasa. Chepkorir anauliza kama tununue kasia.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kageha alinipigia simu asubuhi na mapema. Leo kanisa la Wandera lina mkutano mkubwa, watu wanakuja na malori kutoka Butali na kwingineko, na kunanyesha. Anaomba Joash abaki nyumbani, Jumapili hii tu.

Nilikuwa na haraka, nilialikwa kwa kaka yangu. Nikamwambia amri ni amri. Akiivunja yeye, Wandera ataenda kumwambia hakimu kwamba mama haheshimu korti, na kesi yake mwenyewe itaharibika. Nikamwambia amfunike mtoto vizuri. Akasema sawa, madam.

Musimbi akambeba. Mimi nikaenda kula ingokho, kuku wa sikukuu.

Jumatano, 23 Aprili

Daktari hakufika kutoa ushahidi, daraja limezama. Kesi imesukumwa hadi tarehe 26 Mei. Wandera alikuja na koti linalochuruzika maji, Kageha akaketi mwisho wa benchi lile lile. Nilimwona Wandera akimuuliza kitu kwa sauti ya chini, naye Kageha akagusa meno yake, akainua vidole viwili, kisha cha tatu. Jino jipya. Walitabasamu wote wawili, halafu wakakumbuka wako wapi.

Ijumaa, 2 Mei

Kageha amepiga simu. Joash ana joto, macho mekundu, mafua. Nimemwambia ampeleke zahanati, na kwamba mvua hii imempa kila mtu mafua, hata Chepkorir. Baada ya kukata simu nilikaa na kalamu mkononi bila kuandika chochote.

Jumanne, 6 Mei

Vipele vimetoka, vilianzia nyuma ya masikio. Ni ukambi.

Nesi amewapa dawa ya joto na kuwaambia warudi wakiona pumzi imebadilika. Nimeitoa faili nikasoma niliyoandika tarehe tano Aprili. Wale wenye wanakohoa wanawekwanga katikati. Mwandiko wangu ni mzuri, hauna hata neno moja lililokatwa.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika yote kama yalivyotokea, kwa sababu nikiyaacha kesho nitayapanga yanipendeze.

Niliamka nikiwa sina raha. Saa nne nikamwambia Chepkorir aahirishe kila kitu, nikaendesha gari kwenda Shinyalu. Nikaliacha barabarani, matope yalikuwa ya magoti, nikashuka njia ya miguu kwenye mvua. Kageha alikuwa ameenda kuchuma chai, kwa sababu asubuhi Joash alikuwa amenyonya na kuonekana nafuu. Musimbi alikuwa shuleni. Nyanya Awinja alibaki peke yake na mtoto.

Nilipotokea uani nilimwona Wandera. Alikuwa amesimama kwenye mvua, hatua chache kutoka mlangoni, na mgongo ameuelekeza kwenye nyumba. Kofia ilikuwa mkononi. Mama mkwe wake alikuwa ndani, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, amejifunika uso kwa kitambaa, anaongea na ukuta. Alisema kwa ile sauti yake kubwa kwamba mtoto anavuta pumzi vibaya, tumbo linaingia ndani, midomo imebadilika rangi. Alikuwa amempigia simu Kageha, simu haishiki. Akampigia Wandera. Wandera akaacha trekta na miwa yake katikati ya barabara, akachukua bodaboda. Sasa bodaboda ametumwa kwa jirani kutafuta mwanamke yeyote, au mtoto yeyote, wa kumtoa Joash nje.

Walikuwa wanangoja mtu wa kupokezana. Wawili hao, wote wanaompenda, na mtoto katikati anakata pumzi.

Nikapiga kelele. Nikamwambia Wandera aingie. Hakugeuka. 

"Ni nyumba ya mama, wakili," akasema. "Siwezi. Nisaidie. Tafadhali nisaidie."

Ningemtukana, neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini ni mimi niliyesimama mbele ya hakimu na kuisifu heshima hiyo hiyo, nikacheka na waliocheka. Nikaingia. Joash alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, vipele vimegeuka vyeusi, mbavu zinapanda na kushuka. Nikambeba. Kwa karibu miezi miwili nimekuwa wakili wake, na sikuwa nimewahi kumbeba.

Nikamtoa nje nikampa baba yake. Tulipanda mlima ule tukianguka na kuinuka, mimi mbele, yeye nyuma, mtoto ndani ya koti lake. Nikaendesha mpaka hospitali kubwa. Nesi wa zamu akaja na sindano na chupa ya maji, akauliza nani atamshikilia mtoto. Nikajua itakuwa vita. Wandera akavua koti, akamshika Joash mguu, akageuza uso wake ukutani. Alimshika hivyo mpaka wakamaliza.

Nilikuwa nimeandika mkaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Joash amefariki leo asubuhi. Ni mapafu.

Jumatano, 14 Mei

Wamemzika Butali, kwa baba yake. Sikuenda. Nilijiambia wakili hahudhurii mazishi ya mteja. Chepkorir alinitazama nilipomwambia hivyo, akaenda kumwaga ndoo bila utani.

Ijumaa, 16 Mei

Kageha amepiga simu. Hakulia. Aliniomba jambo moja, nikaseme mbele ya ukoo, na nimekubali kabla hajamaliza. Kwenye mazishi, ami mmoja wa Wandera alisimama akauliza ni nani aliyekuwa akimtoa mtoto mlangoni na kumpeleka kwenye ugonjwa. Watu wakamtafuta Musimbi kwa macho. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa boma lile anayempa mtoto ambebe. Kesho ukoo unaketi kumaliza maneno ya kifo. Mwenye neno hulisema mbele ya wote, na baada ya hapo halisemwi tena. Lisiposemwa kesho, litabaki kwa Musimbi maisha yake yote.

Nimemwambia Chepkorir ninachoenda kusema. Amesema, "Wakili, ukikiri hivyo mbele ya watu wanaweza kukushtaki." Nikamwambia najua, mimi ndiye nilisoma sheria.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ilitupumzisha leo. Miwa imefika hadi ukuta wa nyumba ya Wandera, na moshi wa kiwanda unaonekana kutoka uani. Wanaume waliketi upande mmoja, wanawake upande mwingine. Nyanya Awinja aliwekwa nyuma ya nyumba, asikutane na mkwe wake. Kaburi ni dogo sana.

Wasichana wa umri wa Musimbi walikuwa wengi, kila mmoja na mtoto mgongoni, ndivyo ilivyo kwenye kila matanga. Musimbi nilimkuta nyuma ya jikoni, peke yake, anachambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Nikachuchumaa karibu naye, nikampa pole. 

"Yale nilikuambia," akasema, "uliandika?"

"Niliandika."

"Na ukawaambia?"

Nimebishana na mawakili wakubwa, nimejibu majaji. Huyu alitaka jibu la neno moja. Nikasema sikuwaambia.

Akaendelea na mboga. Kisha akauliza, "Nani alisema mimi ndiye nimbebe mpaka barabarani?"

"Mimi ndiye niliandika hivyo."

"Si baba?"

"Si baba, si mama. Mimi."

Akaliweka jani chini. "Basi uwaambie. Wananiangalia."

Nilipopewa nafasi nilisimama.  Nikasema jina langu na jina la baba yangu. Nikasema mtoto huyu hakuamua kumpeleka ndugu yake popote, aliamriwa na korti, na karatasi ya korti niliiandika mimi kwa mkono wangu. Nikasema alinikataza. Alinieleza wazi, mbele ya moto wa nyanya yake, kwamba kanisani wazima wanashikishwa wagonjwa, na kwamba hataki kumpeleka Joash huko. Mtu mzima wa pekee aliyeambiwa ni mimi, na kazi yangu pekee ilikuwa kumsemea. Na mama yake aliponiomba siku ya Pasaka amzuie, mimi ndiye niliyemkataza.

Mtoto mmoja akalia na kunyamazishwa. Ami mzee akauliza kama ninasema korti ndiyo ilimuua mtoto wao. Nikamjibu kwamba korti haikumjua Joash. Mimi nilimjua, nilikula kwao, aliishika kalamu yangu.

Nilingoja matusi. Badala yake Wandera akasimama, kofia mkononi kama siku ile ya mvua.

"Isaiah nilimshika mguu," akasema. "Huyu nilimpokea barabarani. Msimguse Musimbi kwa neno hili. Ni langu na la wakili."

Akaketi. Ami akasema neno limesikika, na limefungwa. Kageha, kutoka upande wa wanawake, alinitazama kwa muda mrefu. Sikuona msamaha, na sikuwa nimeenda kuutafuta. Au nilikuwa nimeenda kuutafuta, sijui. Wakati wa chakula Musimbi alinichukulia maji ya kunawa, akanimwagia taratibu.

Jumatatu, 26 Mei

Daktari alifika leo, suti kavu, karatasi zake safi. Hakuulizwa hata swali moja. Wandera alisimama akasema hapingi tena, hana neno. Uamuzi uliokuwa umechapwa mapema ulikuwa na majina mawili. Hakimu akachukua kalamu akalikata moja, na tuliokaa mbele tulisikia kalamu ile ikipita kwenye karatasi.

Akauliza kama wakili wa watoto ana la kuongeza. Nikasimama nikasoma maneno ya Musimbi, yale yote, na nikaomba yaingie kwenye kumbukumbu pamoja na tarehe niliyoambiwa na tarehe niliyowasilisha ripoti bila hayo. Hakimu aliacha kuandika. Aliniuliza kama ninaelewa ninachokifanya. Nikasema ndiyo. Akanitazama, na nadhani alikuwa anaikumbuka ile siku aliponisifu, maana aliinamisha kichwa na kuandika polepole.

Niliomba pia niondolewe kwenye kesi. Akasema kesi imekwisha, nimebaki na kazi moja, kuhakikisha mtoto aliyebaki amepata chanjo alizokosa.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua inapungua. Ndoo ni moja tena.

Tulikutana zahanati asubuhi, ile ile ambayo Wandera aliketi mlangoni. Leo alisimama nje ya lango, ameegemea ukuta, hakuingia na hakuzuia. Kageha alipanga foleni ya kadi. Mimi na Musimbi tuliketi kwenye benchi kati ya akina mama. Alidungwa bila kulia. Alisema hata si uchungu sana, akashuka, akaja kuketi tena kumngoja mama yake. 

Kando yetu alikuwa mwanamke mwenye mtoto wa kama miezi saba, mnene, anajaribu kula ncha ya leso. Jina lake likaitwa dirishani. Akamgeukia Musimbi bila kufikiri, kama mtu yeyote wa huku anavyomgeukia msichana wa umri ule, akamnyooshea mtoto. "Nishikie kidogo, mama, nakuja."

Musimbi akaweka mikono nyuma.

Mwanamke akashangaa, akadhani hajasikia, akamsogezea tena. Musimbi akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono bado iko nyuma, akanionyesha kwa kidevu.

"Mpe huyu," akasema. "Yeye ndiye anaandikanga."

Nikampokea. Alikuwa mzito kuliko Joash.